Kitanda Kilichogeuzwa Butaro

Wodi nyingi tunazozijua Afrika Mashariki zimepangwa kwa namna moja. Vitanda vimeegemezwa ukutani, safu huku na safu kule, kichwa cha mgonjwa kikiwa chini ya dirisha na miguu ikielekea njia ya katikati. Daktari akipita na mafaili anawaona wote kwa haraka, nesi anasukuma toroli lake bila kupinda, msafishaji anadeki kwa mstari mmoja toka mlangoni hadi mwisho. Anayelala hapo ndiye ambaye hakufikiriwa. Dirisha liko nyuma ya kisogo chake. Mbele yake, kutwa kucha, yupo mgonjwa mwenzake: anatapika kwenye beseni, anabadilishwa shuka, anazungushiwa pazia, na siku nyingine pazia likifunguliwa kitanda ni kitupu.

Katika hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, waliichukua wodi hiyo hiyo wakaipindua. Walijenga ukuta mfupi katikati ya chumba, usiofika darini, wakaegemeza vichwa vya vitanda hapo kutoka pande zote mbili. Miguu ikaelekea nje. Mgonjwa akifumbua macho asubuhi anakutana na dirisha, na ng'ambo ya dirisha vipo vilima vilivyolimwa kwa matuta hadi kileleni. Aliye upande wa pili wa ukuta hamwoni, ingawa anamsikia akikohoa na wanaweza kupiga soga. Ukuta ni mfupi, kwa hiyo hewa inapita juu yake na jicho la nesi pia linapita. Kugeuza kitanda hakukuhitaji mashine wala mkopo wa benki. Kulihitaji mtu wa kulala chali, au walau kulala hapo kwa mawazo, na kujiuliza: nikiwa hapa wiki tatu, nitakuwa natazama nini?

Ninaona kwamba ufundi wote wa kujenga hospitali ya wagonjwa wa saratani umefungwa ndani ya swali hilo. Michoro mingi huanza na eneo la kiwanja, idadi ya vitanda, gari la wagonjwa litaingilia wapi. Mafundi ninaowahusudu huanza na mwili uliochoka: kichwa chake kitakuwa wapi, jicho litaangukia nini, mkono utagusa nini, pua itanusa nini. Ukuta unafuata baadaye.

Hospitali ya Butaro ilifunguliwa mwaka 2011. Kabla yake, wilaya hiyo yenye watu zaidi ya 300,000 haikuwa na hospitali ya kueleweka wala daktari. Waliojenga ni Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health, ambalo Wanyarwanda wanaliita Inshuti Mu Buzima, na wasanifu ni kikundi cha vijana cha MASS Design Group, kilichoanzishwa na Michael Murphy na Alan Ricks wakiwa bado wanafunzi wa Harvard. Murphy alikuwa amehudhuria mhadhara wa Dk. Paul Farmer, mwanzilishi mwenza wa Partners In Health, akamfuata baadaye kumuuliza anafanya kazi na wasanifu gani. Ikaonekana hakuna. Zahanati zilikuwa zinajengwa, lakini hakukuwa na msanifu aliyeketi mezani kufikiria hewa, mwanga na vitanda.

Julai 2012 Butaro ikawa kituo cha saratani. Tangu hapo wanafika watu kutoka pembe zote za Rwanda na nchi jirani: mama mwenye uvimbe titini, mtoto mwenye saratani ya damu, mzee ambaye tezi za shingo zimefura. Hao hawaji kwa dawa ya siku tatu. Dawa za saratani zinazotundikwa kwa dripu huingia polepole, wakati mwingine kwa saa nyingi, na zinarudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu kwa miezi kadhaa. Mkono mmoja umefungwa kwenye mpira wa dripu. Tumbo halitaki chakula. Kusoma kunaleta kizunguzungu. Kinachobaki huru ni macho, ndiyo maana mambo yanayoonekana toka kitandani ni sehemu ya kutwa yake kama ilivyo dawa yenyewe.

Kuhusu macho hayo kuna utafiti mmoja mdogo ambao wasanifu wa hospitali wanaurudia hadi leo. Mwaka 1984, Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981. Aliwapanga wawili wawili, wanaofanana umri, jinsia na mambo mengine, wakitofautiana kwa jambo moja: dirisha la mmoja lilitazama miti, la mwenzake lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo, karibu robo tatu ya siku, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Tena manesi waliandika manung'uniko machache kwenye mafaili yao. Hao hawakuwa wagonjwa wa saratani, na 46 ni watu wachache. Sitaki kuubebesha utafiti huo zaidi ya uwezo wake. Lakini ulifanya jambo moja muhimu: ulimpa msanifu namba ya kuweka mezani pale mhasibu anapouliza dirisha kubwa lina faida gani.

Kisha kuna hewa, na hapa ndipo Butaro inapostahili kutazamwa kwa utulivu.

Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya kutisha kutoka Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wagonjwa 53 katika hospitali ya kijijini walikutwa na kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa zote, na 52 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wameambukizwa hospitalini hapo hapo. Mtu alikuja kwa jambo lake, akaketi kwenye benchi la kungojea katika ushoroba uliofungwa madirisha, akavuta pumzi za aliye jirani yake, akarudi nyumbani na kifo. Jengo lilikuwa limeua. Wasanifu wa Butaro waliichukua habari hiyo kama agizo. Waliondoa shoroba za ndani. Ukitoka wodi hii kwenda ile unapita barazani, nje, chini ya paa, upepo ukikupiga. Watu wanangojea kwenye hewa ya wazi. Ndani ya wodi dari liko juu, madirisha yapo pande zote mbili ili hewa iingie huku na kutokea kule, na feni kubwa zenye mapanga marefu zinazunguka taratibu kuisukuma hewa hiyo bila kumpuliza mgonjwa. Karibu na dari zipo taa za mionzi ya urujuanimno zinazoua vijidudu, zimewekwa juu ili mionzi isimfikie mtu.

Yote hayo yalichorwa kwa hofu ya kifua kikuu. Lakini fikiria anayepewa dawa za saratani. Dawa hizo hazichagui sana. Zinaua seli zinazozaliana haraka, na miongoni mwake zimo za uboho zinazotengeneza chembe nyeupe za damu. Siku kadhaa baada ya dripu, kinga yake iko chini kabisa. Mafua ya jirani yanaweza kumlaza, na kikohozi cha aliye kitanda cha tatu kinaweza kumuua. Jengo lililochorwa kuwakinga watu na hewa mbaya likawa tayari linamngoja mgonjwa ambaye mchoraji hakuwa amemfikiria kwa jina. Ufundi mzuri huwa na akiba ya namna hiyo.

Sasa kuta. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya kuta za Butaro.

Eneo hilo liko jirani na milima ya volkano ya Virunga, na ardhi yake imejaa mawe ya volkano, meusi ya kijivujivu, yenye vitundu vitundu. Wakulima waliyaona ni kero. Jembe linagonga jiwe, mkulima anatukana kimoyomoyo, analing'oa na kulirundika kando ya njia. Wajenzi wa Butaro waliyatazama marundo hayo wakaona ukuta. Hakukuwa na haja ya kuleta matofali ya mbali kwa malori yanayopanda mlima.

Jiwe hilo halipendi haraka. Halina pembe mraba wala uso ulionyooka. Mwashi anaokota moja, analigeuza mkononi, analipima kwa jicho dhidi ya pengo lililobaki kati ya mawe yaliyokwisha kukaa. Anagonga ubavu kwa nyundo, vipande vinaruka, analijaribu, analitoa, anagonga tena. Halikai, analiweka pembeni kwa ajili ya pengo lingine na kuokota jingine. Saruji ipo, lakini imesukumwa ndani nyuma ya uso wa mawe ili isionekane, na ndiyo maana kosa halina pa kujificha. Ukutani mwa kawaida kuna lipu. Ukuta ukienda kombo kidogo lipu inafunika, na rangi inafunika lipu. Ukuta wa Butaro umeachwa wazi. Kila jiwe linaonyesha aliyeliweka alikuwa na subira kiasi gani siku hiyo.

Murphy amesimulia hadharani jambo moja juu ya waashi hao ambalo kila nikilikumbuka naona fahari kwa niaba yao. Walianza kwenye kona moja ya jengo, wakaendelea kuzunguka. Jiwe kwa jiwe, mikono ikazoea, viungo vikabana, mpangilio ukawa mzuri zaidi. Walipomaliza kulizunguka jengo zima na kurudi pale walipoanzia, wakautazama ukuta wao wa kwanza, kisha wakaomba ruhusa waubomoe waujenge upya.

Hawakuamriwa na msimamizi. Ukuta ule wa kwanza ulikuwa umesimama imara na mgonjwa asingeujua kasoro yake. Ni wao waliokuwa wamefika mahali ambapo macho yao yaliona zaidi kuliko yalivyoona mwanzo, na hawakutaka kuacha nyuma kazi iliyo chini ya uwezo wao mpya. Kila fundi wa kweli ameionja hali hiyo, awe seremala, mshonaji au mchonga milango wa Lamu. Wachache hupewa nafasi ya kurudi.

Ujenzi wote ulifanywa kwa mikono mingi. Karibu watu 4,000 wa hapo hapo walipata kazi kwa nyakati tofauti. Hata kilima chenyewe kilichimbwa na kusawazishwa kwa majembe badala ya tingatinga, kwa ushauri wa mhandisi Bruce Nizeye, na Murphy anasema kazi hiyo iliisha kwa nusu ya muda na nusu ya gharama. Samani zilitengenezwa kwenye eneo la ujenzi. Kwa hiyo anapolazwa mtu wa Burera, kuna uwezekano mkubwa ukuta ulio nje ya dirisha lake umegongwa na shemeji yake au jirani yake. Mtu anayeambiwa ana saratani hujiona ghafla kama mali ya wengine: mwili wake unaguswa, unachomwa, unapigwa picha, unajadiliwa kwa maneno asiyoyajua. Kuwa ndani ya jengo ambalo watu wake wamelijenga kwa mawe ya mashamba yao ni heshima ambayo vidonge haviwezi kuibeba.

Murphy mwenyewe alifika kwenye ufundi huu kupitia saratani. Baba yake aligunduliwa kuwa nayo, akapewa wiki chache tu za kuishi. Kijana akarudi nyumbani, Poughkeepsie, New York, na bila kujua la kufanya akaanza kukarabati nyumba ya kale ambayo baba yake alikuwa anaifanyia kazi miaka mingi. Baba alipopata nguvu akajiunga naye. Wiki zikawa miezi, na mwaka mmoja na nusu baadaye baba huyo akamwambia kwamba kuifanyia kazi nyumba ile ndiko kulikomwokoa. Madaktari wana maelezo yao ya kupona kwake, na ndiyo ya kutegemewa. Lakini simshangai kijana aliyesikia maneno hayo akaamua kusomea usanifu majengo.

Uingereza wana tawi lao la ufundi huu, na lina mama yake. Maggie Keswick Jencks alikuwa mwandishi aliyetunga kitabu juu ya bustani za Kichina, mtu aliyezoea kufikiri jinsi njia, maji na mwanga vinavyoibadilisha nafsi ya anayepita. Mwaka 1993, katika hospitali moja, aliambiwa kuwa saratani yake ya titi imerudi na kwamba amebakiwa na miezi michache. Kisha yeye na mumewe wakaombwa watoke, kwa kuwa kulikuwa na wagonjwa wengine wanangoja. Wakaketi na habari hiyo kwenye ushoroba usio na dirisha. Maggie alitumia muda uliobaki kuchora nyumba ambayo mtu angeweza kuingia baada ya kuambiwa maneno kama hayo. Alifariki 1995. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa 1996 katika uwanja wa hospitali ya Western General, Edinburgh, ndani ya zizi la kale la farasi lililokarabatiwa na msanifu Richard Murphy. Leo nyumba za Maggie zipo nyingi Uingereza, na zipo pia Hong Kong, Tokyo na Barcelona. Hazitoi dripu; ni mahali pa kuketi, kuuliza, kulia, kupata ushauri.

Zimechorwa na wasanifu wakubwa, Frank Gehry, Zaha Hadid, Norman Foster na wengine, na magazeti husifu zaidi mapaa yao. Mimi navutiwa na masharti wanayopewa wote kabla ya kushika kalamu. Pasiwe na dawati la mapokezi. Pawe na jiko, na meza kubwa ya jikoni iwe kitovu cha nyumba, ili mgeni asiyejua aseme nini aanze kwa kuchemsha chai. Choo kiwe chumba kamili, mlango ufike sakafuni, ndani kuwe na nafasi, kwa sababu wengi huenda huko kulia na hawataki viatu vyao vionekane.

Huko Oldham, karibu na Manchester, kuna nyumba ya Maggie iliyofunguliwa 2017, kazi ya ofisi ya dRMM, yote ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo na mti umepita katikati yake. Nenda moja kwa moja mlangoni. Kitasa ni cha mbao. Baadhi ya dawa za saratani hugusa mishipa ya fahamu ya vidole. Anayetumia oksaliplatini, kwa mfano, anaweza kugusa chuma baridi akahisi kama amechomwa sindano au kupigwa shoti. Kwa watu hao kitasa cha kawaida cha chuma, asubuhi ya baridi, ni maumivu yanayowangoja kila mlangoni. Mtu mmoja mezani alilijua hilo, mwingine akalisikiliza, seremala akalitekeleza. Anayefungua mlango ule huenda hatajua kamwe kwamba kuna maumivu ambayo hayakutokea. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kitasa kile ni uji uliopikwa kabla ya kuulizwa.

Kwetu pwani hatuanzi sifuri. Jengo la kale la Ocean Road, Dar es Salaam, lilifunguliwa 1897 enzi za Wajerumani, likiwa hospitali ya Wazungu. Leo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani. Halikujengwa kwa ajili ya saratani, na waliolijenga hawakutufikiria sisi. Lakini baraza zake pana na uso wake unaotazama bahari vinaonyesha mjenzi aliyeelewa joto la Dar es Salaam na thamani ya upepo. Ni somo lililosimama hapo hapo mjini, huku wodi mpya zikiendelea kujengwa na dari fupi na madirisha madogo ambayo yanatia imani yote kwenye kiyoyozi.

Kuna chumba kimoja ambacho dirisha haliwezekani, nacho ni chumba cha mionzi. Kuta zake ni zege la unene wa mita moja hadi mbili na zaidi, na njia ya kuingilia mara nyingi hupindishwa ili mionzi igonge kuta na kufifia kabla ya kufika nje. Mgonjwa anapita njia hiyo, analazwa, anaambiwa asitikisike, kisha kila mtu anatoka na anabaki peke yake na mashine. Anachokiona ni dari tu. Mwaka 1933, kule Paimio, Finland, Alvar Aalto alikamilisha sanatoriamu ya wagonjwa wa kifua kikuu ambamo alipaka dari rangi tulivu, akaficha taa isimpige anayelala chali machoni, akachora hata beseni la kunawia ambamo maji hutua bila kelele ili mwenzako asiamke. Hospitali kadhaa za leo zinaweka picha za anga na matawi, zenye mwanga, kwenye dari la chumba cha mionzi. Ni hatua ndogo sana, na pale ambapo haijafanyika bado inawezekana wiki hii.

Hakuna ukuta unaotibu saratani. Wanatibu wapasuaji, dawa, mionzi, na maabara inayosema kwa hakika uvimbe ni wa aina gani. Mashine pekee ya mionzi ya Uganda ilipoharibika pale Mulago mwaka 2016, dirisha zuri lisingemsaidia mama aliyeikosa. Anayesema tununue mashine kwanza namwelewa na nakubaliana naye. Ila mashine hiyo itawekwa ndani ya jengo, jengo hilo litachorwa na mtu, na mchoro mbaya na mchoro mzuri vyote hutumia karatasi ile ile.

Baada ya hospitali, Butaro walijenga nyumba za madaktari, kisha mwaka 2013 jengo la wagonjwa wa saratani wanaopata dawa na kurudi nyumbani, na baadaye kampasi ya chuo kikuu, University of Global Health Equity. Ni kwenye kilima hicho cha Butaro alikofia Paul Farmer, Februari 2022.

Kwa wanaochora sasa wodi za saratani za Mwanza, Eldoret au Bujumbura ninalo ombi moja, na haliko kwenye masharti ya Maggie kwa sababu Waingereza hawakulihitaji. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakuja na mwuguzaji: dada, mama mkwe, binti aliyeacha shule muhula mzima. Huyo ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayefua mashuka na kuzungumza na nesi. Usiku analala sakafuni kati ya vitanda, au nje chini ya mwembe. Mchoreeni. Anahitaji mahali pa kunyoosha mgongo palipo karibu kiasi cha kumsikia mgonjwa akiita, bomba la maji, kamba ya kuanikia iliyo kwenye jua, na jiko lenye paa. Jiko hilo lijengwe upande ambao upepo hauelekei wodini, kwa maana harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inatosha kumtapisha aliyetoka kwenye dripu jana.